Kupima fitinesi na wepesi wa watoto wa tenisi: mwongozo kamili kwa kocha na mzazi

Ukimuuliza kocha kama mchezaji wake ana spidi, mara nyingi atakwambia "huyu dogo yuko fasta sana" na mazungumzo yanaishia hapo. Fasta kuliko nani? Kwa umbali gani? Mwanzo wa mechi au seti ya tatu miguu ikiwa imeshachoka? Hapo kimya. Sasa huu mwongozo ni wa yule anayetaka jibu lenye namba, iwe ni kocha wa klabu, mwalimu wa michezo au mzazi tu mwenye tepu na simu, na sio lazima uwe na maabara. Ila nakutahadharisha mapema: kupima ni rahisi, kupima vile vile kila mara ndo kazi, na namba ambayo haibadilishi chochote kwenye mazoezi ya wiki ijayo ni kumchosha mtoto bure.

KWANZA UELEWE TENISI INADAI NINI

Uwanja una urefu wa mita 23.77, upana wa singo (mmoja kwa mmoja) ni mita 8.23 na wa dabo (wawili kwa wawili) mita 10.97. Kutoka besilaini (mstari wa nyuma wa uwanja) hadi kwenye neti ni kama mita 11.9 hivi, yaani hata ukitoka kwenye besilaini ukakimbilia moja kwa moja dropu shoti (mpira mfupi unaodondoka karibu na neti) kwa roho yako yote hufiki mita 12. Pointi nyingi zinaisha chini ya sekunde 10, halafu unapewa hadi sekunde 25 kabla ya pointi inayofuata, sekunde 90 mkibadilishana upande na sekunde 120 seti ikiisha. Kwa kila shuti mchezaji anasogea wastani wa mita 3 tu, na ndani ya pointi moja anabadilisha mwelekeo kama mara nne.

Ukishayaona hayo unajua cha kupima. Mita 100 haina maana hapa. Kinachotafutwa ni mita 5 za kwanza, kufunga breki, kugeuka na kuondoka tena, kwenda kwa pembeni, nguvu ya kiwiliwili ya kuzungusha raketi, halafu pumzi ya kurudia hayo yote kwa saa moja na nusu au mbili. Na juu ya yote kuna kusoma mpira unaenda wapi kabla hujafika, kitu ambacho vipimo vingi vinavyoitwa vya wepesi havikigusi kabisa, nitarudi hapo maana ndipo watu wengi wanapopotea.

HATUA YA 1: MPIME UKUAJI KABLA YA SPIDI

Hii watu wanairuka na ndo inayoharibu tafsiri ya namba zote zinazofuata. Watoto wawili wa miaka 13 wanaweza kuwa dunia mbili tofauti, mmoja kasharefuka na ana misuli, mwingine bado kabisa. Kwa wastani wasichana wanafikia kilele cha kurefuka karibu na miaka 12 na wavulana karibu na 14, lakini kila mtoto ana saa yake.

Pima vitatu: urefu akiwa amesimama bila viatu, urefu akiwa amekaa (mkalishe kwenye stuli iliyogusana na ukuta, mgongo umenyooka, pima kutoka kwenye stuli hadi utosini) na uzito. Rudia kila baada ya miezi mitatu, saa ile ile ya siku, kwa sababu mtu hupungua kama sentimita moja kati ya asubuhi na jioni na wewe unatafuta mabadiliko ya sentimita moja au mbili tu. Akiongezeka sentimita 2 kwa miezi mitatu hiyo ni kama 8 kwa mwaka, basi jua yuko kwenye kurefuka kwa kasi au anakaribia. Miguu hutangulia kurefuka na kiwiliwili kinafuata, kwa hiyo kama urefu wa kusimama unapanda na ule wa kukaa umetulia, ndo kwanza mambo yanaanza.

Kwa nini ujali? Kwa sababu katika kipindi hicho mtoto anaweza kuwa mzito wa miguu ghafla, anajikwaa, muda wake wa kugeuka unakuwa mbaya kuliko miezi sita nyuma na wala hajafanya uvivu, mwili mpya bado hajauzoea. Pia ndo kipindi cha maumivu ya chini kidogo ya goti, pale kwenye kile kinundu cha mfupa (Osgood-Schlatter), na ya kisigino kwa nyuma (Sever). Mtoto mwenye maumivu hayo asiruke na asifanye vipimo vya breki, kwisha, apelekwe kwa daktari au fiziotherapia.

Na uzito pimeni pembeni, usitangaze mbele ya wenzake. Hasa kwa wasichana wa umri huo, sentensi moja ya kijinga ya kocha kwenye mizani inaweza kumtoa mtoto kwenye mchezo moja kwa moja.

HATUA YA 2: VIFAA

Tepu ya kupimia ya mita 30, koni kama kumi, mipira mitano, chaki au gundi ya karatasi ya kuweka alama chini, mpira mzito wa kilo 2 (na wa kilo 1 kwa wadogo), stopwochi, simu inayorekodi slomosheni, kitu cha kuishikilia simu isitikisike, na daftari. Kama una mageti ya kielektroniki ya kupimia muda tumia hayo, ila usiache kupima kwa sababu huna.

Sasa kuhusu stopwochi tuongee vizuri. Mkono wa binadamu unachelewa kuanza kwa sababu unasubiri kuona, halafu mwisho unawahi kwa sababu unamwona mtu anakuja, matokeo yake muda wa mkono huwa mfupi kuliko wa mageti, tofauti inaweza kufika sekunde 0.2. Kwenye kipimo cha sekunde 18 hiyo inavumilika. Kwenye mita 5 ambazo mtoto anakimbia kwa sekunde 1.2 hivi, hiyo ni takataka, hujapima kitu. Kwa mbio fupi tumia simu kwenye fremu 240 kwa sekunde: fremu moja ni kama sekunde 0.004, wakati video ya kawaida ya fremu 30 kila fremu ni sekunde 0.033. Hesabu ni rahisi, unahesabu fremu kuanzia anapoondoka hadi kifua kinapokata mstari, unagawa kwa 240. Fremu 290 ni sekunde 1.21. Kuwa makini na simu zinazohifadhi slomosheni zikiwa zimeshapunguzwa kasi, muda unaouona kwenye kioo sio muda halisi, tafuta programu ya video inayokuonyesha fremu moja moja.

Simu ikae pembeni, inyooke kabisa na mstari wa kumalizia. Ukiiweka kwa pembe utamwona amevuka wakati bado, au kinyume chake.

HATUA YA 3: SIKU YENYEWE

Uwanja ule ule, viatu vile vile, saa zile zile. Uwanja wa udongo unateleza na wa sementi unashika, kwa hiyo muda wa kugeuka kwenye udongo usiuweke kabisa pamoja na wa sementi. Kama ni uwanja wa nje na kuna upepo mkali au umelowa, ahirisha. Mtoto asiwe ametoka kwenye mechi ngumu jana, awe amekula saa mbili tatu kabla, amelala vizuri. Mzazi awe anajua na amekubali, na uliza maswali ya afya waziwazi: ameshawahi kuzimia akikimbia, kifua kinambana, ana pumu, kuna maumivu popote leo? Jibu likiwa ndiyo kwenye kuzimia au kifua, hakuna kipimo mpaka daktari aseme. Mwenye pumu dawa yake iwe uwanjani, sio nyumbani.

Kupasha mwili dakika 12 hadi 15. Jogi nyepesi, hatua za pembeni, kunyanyua magoti, kuzungusha nyonga na mabega, halafu mbio tatu nne zinazoongezeka kasi. Usiwanyooshe kwa kukaa muda mrefu kwenye mkao mmoja kabla tu ya kuruka na kukimbia, inapunguza mlipuko kidogo. Baada ya hapo kila kipimo wajaribu mara moja au mbili bila kuandikwa, maana unataka kupima mwili wake na sio kama ameelewa maelezo.

Mpangilio: urefu na uzito, kuruka, kurusha mpira mzito, mbio fupi, kugeuka, kusoma ishara, na pumzi mwisho kabisa au siku nyingine. Kati ya jaribio na jaribio la nguvu zote acha dakika 2 au 3. Watoto watakwambia wako tayari baada ya sekunde 30, usiwasikilize.

HATUA YA 4: VIPIMO VYENYEWE

Kuruka juu. Mikono kiunoni, anashuka haraka na kuruka, anatua miguu ikiwa imenyooka kama alivyoondoka. Rekodi miguu kwa slomosheni, hesabu muda aliokaa hewani. Urefu aliopaa ni 9.81 mara muda huo mara muda huo, gawa kwa 8. Sekunde 0.45 hewani ni kama sentimita 25, sekunde 0.50 ni kama 31. Akikunja magoti hewani anakuibia, anaonekana amepaa zaidi, hilo jaribio lifute. Mara tatu, chukua bora.

Kurusha mpira mzito. Kutoka besilaini, kwa juu ya kichwa kama sevisi, kisha upande wa forihendi, kisha bekihendi kwa mikono miwili. Miguu isivuke mstari. Pima hadi unapodondokea, sio unapoishia kubingirika. Tofauti kubwa kati ya forihendi na bekihendi inakueleza kitu kuhusu kiwiliwili na nyonga ambacho macho yalishaanza kukishuku. Kilo 2 kwa wa miaka 12 kwenda juu, wadogo wape kilo 1, na ukianza na uzito fulani usiubadilishe bila kuandika.

Mbio za mita 5, 10 na 20. Anasimama mguu mmoja mbele, bila kujisukuma kwa nyuma kwanza, anaondoka mwenyewe akitaka. Usipige filimbi, hapa hupimi masikio. Anza kuhesabu fremu mguu wa nyuma unaponyanyuka. Kama una simu moja tu fanya mita 5 na 10 kwa zamu tofauti, na ile 20 ukibanwa na muda iache, kwa tenisi 5 na 10 zinatosha sana.

Kwenda na kugeuka. Hiki ndo nakipenda na hakihitaji chochote. Weka mstari wa kuanzia na mstari wa mita 5. Anaondoka, anakanyaga mstari wa mita 5 kwa mguu mmoja, anageuka nyuzi 180 na kurudi kwa spidi zote hadi alipoanzia. Mara tatu akigeukia mguu wa kulia, mara tatu wa kushoto. Sasa angalia utamu wake: umbali wote ni mita 10, na tayari una muda wake wa mita 10 za moja kwa moja. Toa. Tuseme mita 10 anatumia 2.10 na kwenda-na-kugeuka anatumia 2.95, basi kugeuka kumemgharimu 0.85. Mtoto mwingine anakimbia mita 10 kwa 1.98 na kugeuka pia 2.95, ukiangalia muda wa mwisho tu utasema wako sawa, kumbe huyu wa pili ana spidi kuliko mwenzake na breki mbovu. Mmoja anahitaji kuongeza mwendo, mwingine anahitaji kujifunza kusimama. Wangepewa mazoezi yale yale kama kawaida yetu.

Buibui. Hiki kinajulikana sana, chama cha tenisi cha Marekani (USTA) kinakitumia miaka mingi. Nyuma ya katikati ya besilaini chora boksi la sentimita 30 kwa 45, au weka raketi chini. Mipira mitano inakaa hivi: miwili kwenye kona za besilaini na laini za pembeni za singo, miwili kwenye makutano ya laini ya sevisi na laini za pembeni za singo, mmoja kwenye T katikati (pale laini ya sevisi inapokutana na laini ya katikati). Mtoto anaanzia kwenye boksi, anaufuata mpira mmoja, anaurudisha kwenye boksi, anaenda wa pili, hivyo hivyo kuzunguka kinyume cha saa hadi wa tano. Jumla anakimbia kama mita 55. Mpira uwekwe chini, usirushwe, ukibingirika nje ya boksi anaurudisha mwenyewe muda ukiwa unaendelea. Mara mbili tu, dakika 4 au 5 katikati, maana ukikifanya vizuri kinachoma mapaja kweli. Stopwochi inatosha.

Buibui ni kizuri ila kijue kilivyo. Mtoto anajua kila kitu kabla hajaanza, anajua mpira uko wapi na zamu yake ya ngapi, kwa hiyo unapima kuongeza mwendo, kufunga breki, kuinama na kuvumilia. Pia mtoto aliyekifanya mara nyingi anakuwa bora kwa kukizoea tu. Kuna klabu zinakifanya kila wiki kama zoezi halafu zinashangilia matokeo.

Pembeni kwa pembeni. Anasimama kwenye T, anateleza kwa hatua za pembeni bila kuvusha miguu hadi laini ya dabo upande mmoja, anagusa, anaenda upande wa pili wote, anagusa, anarudi T. Ni kama mita 22. Laini ya sevisi inaishia kwenye laini ya singo, kwa hiyo weka koni kwenye laini ya dabo ajue wapi pa kugusa. Akivusha miguu, rudia.

Heksagoni ya kuruka, ile ya pande sita za sentimita 61 ambapo anaruka nje na ndani ya kila upande akiangalia mbele muda wote, raundi tatu. Wengi wanaipenda. Mimi muda ukiwa mdogo hii ndo ya kwanza kuiacha, inapendelea watoto wafupi wenye miguu myepesi na kwenye mechi sioni inafanana na nini.

HATUA YA 5: KUSOMA NA KUAMUA

Haya, hapa ndo pale nilisema nitarudi. Wepesi kwenye uwanja sio kugeuka tu, ni kugeuka kwa sababu umeona kitu. Ukimpima mtoto kwenye koni pekee utamsifia ambaye kwenye mechi kila siku anafika amechelewa, na tatizo wala sio miguu, ni kwamba anaanza kutembea mpira ukishavuka neti.

Kipimo cha bei ya bure ni hiki. Mtoto katikati ya besilaini ana raketi mkononi. Koni mbili, moja kila laini ya pembeni ya singo, kwa hiyo kila upande ni mita 4.1 hivi. Wewe uko upande wa pili wa neti, kwenye T, na mpira mmoja mkononi. Kabla ya kuanza uwe umeshaandika orodha ya mara nane, nne kulia na nne kushoto, zimechanganywa hovyo, mtoto asiione, na usibadilishe njiani, watoto wanakusoma wewe kuliko unavyodhani na ukiwapa kulia-kushoto-kulia-kushoto watabahatisha. Unanyanyua mkono, mtoto anafanya spliti-stepu (karuko kadogo ka kutua kwa miguu yote miwili tayari kuondoka), unaurusha mpira kwa chini kuelekea upande mmoja, naye anakimbilia koni ya upande huo na kupiga kivuli cha shuti.

Simu inakaa nyuma ya mtoto, juu kidogo, kiasi kwamba unamwona yeye na mkono wako wote kwenye picha moja. Kwenye video unachukua namba mbili. Ya kwanza, kuanzia mpira unapotoka mkononi mwako hadi mguu wake wa kusukuma unapoondoka kwa upande sahihi. Ya pili, hadi kifua kinapofika usawa wa koni. Andika pia mara ngapi alianza upande usio sahihi, na mara ngapi miguu yote ilikuwa imelala chini imekufa mpira ulipotoka mkononi, yaani hakuna spliti-stepu au ilikuja imechelewa.

Halafu, na hii usiiache, mkimbize umbali ule ule mara nne akijua kabla anaenda upande gani, ukihesabu fremu kuanzia mpira unapotoka mkononi mwako vile vile. Tofauti kati ya wastani wa akiwa anajua na wastani wa akiwa hajui ndo gharama ya kusoma. Hapa tumia wastani na sio bora, kwa sababu jaribio bora linaweza kuwa alibahatisha.

Kwa watoto wa miaka 14 kwenda juu badilisha mkono kwa raketi, mtu anayepiga vizuri ampigie kweli kutoka besilaini ya pili, kwa sababu wachezaji wazuri hawasomi mpira peke yake, wanasoma bega, nyonga na mahali raketi inapotokea. Usahihi wa kipimo unashuka maana hakuna anayepiga mipira nane inayofanana, lakini kinafanana na mchezo zaidi.

HATUA YA 6: PUMZI

Bipu ya mita 20, ile ya kukimbia kwenda na kurudi kwa kufuata mlio unaozidi kuharakisha, ndo ya kawaida, aliyeitengeneza ni Luc Léger wa Kanada mwaka 1982. Toleo linalotumika sana linaanzia kilomita 8.5 kwa saa na kupanda 0.5 kila dakika, mtoto anaacha akishindwa kufika mstari mara mbili mfululizo. Kuna pia Yo-Yo yenye mapumziko ya sekunde 10 kila baada ya mita 40, na ile ya 30-15 ya Martin Buchheit ambapo unakimbia sekunde 30 na kutembea 15. Hizi mbili zina kwenda na kupumzika kama tenisi ilivyo, kwa hiyo kwa wakubwa kidogo mimi naelekea huko, bipu ya kawaida iwe ya wadogo kwa sababu haichanganyi. Chagua moja ubaki nayo.

Shida ya nafasi: ukitaka mita 20 kwa urefu wa uwanja wa tenisi neti iko katikati, kwa hiyo wakimbie nje kabisa ya nguzo, au kama kuna viwanja viwili vimegusana wakimbie kwa upana kuvuka vyote. Acha nafasi ya kufunga breki, ukuta au uzio uwe mbali. Joto likiwa kali usifanye kabisa kipimo hiki. Na wale wa chini ya miaka 12 mtu mzima akimbie nao akishika mwendo, wakiachwa peke yao wanaanza kama wamefukuzwa na mbwa na wanakufa hatua ya tatu.

Push-up, planki na nguvu ya kiganja ukitaka ongeza, havidhuru, ila havitabadilisha sana maamuzi yako. Bega ni habari nyingine: mtoto anayesevu sana anaweza kupoteza mzunguko wa ndani wa bega la mkono wa raketi, kwa hiyo angalau mara mbili kwa mwaka mtaalamu wa fiziotherapia apime mabega yote mawili na kulinganisha.

HATUA YA 7: KUZISOMA NAMBA BILA KUJIDANGANYA

Kabla ya kusema mtoto ameimarika lazima ujue kelele ya kipimo chako. Fanya kipimo kile kile mara mbili ndani ya wiki moja, hajafanya mazoezi yoyote mapya katikati. Buibui ikitoka 18.9 halafu 18.6, basi hiyo 0.3 ni kelele tu. Miezi mitatu mbele akipata 18.5 nyamaza, hujui kitu. Akipata 17.8 sasa tuongee. Ukiwa na kundi la watoto fanya hivi kwa wote, uone tofauti zao zinachezea wapi.

Mlinganishe na yeye mwenyewe kwanza. Zile jedwali za viwango unazozikuta intaneti zinatoka kwenye viwanja vingine, vifaa vingine, mageti sio stopwochi, watoto walioanza nusu mita nyuma ya mstari na sio juu ya mstari, tofauti hizo peke yake zinakula sekunde. Zitumie kwa mbali. Na ukitaka kulinganisha watoto wawili weka ukuaji wao pembeni ya namba, aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wako kundi moja la umri lakini mmoja amemtangulia mwenzake karibu mwaka mzima. Usibandike matokeo ukutani.

Halafu ubadilishe mazoezi, ambayo ndo sababu ya kufanya yote haya. Mita 5 ni mbovu na kuruka ni kubovu: huyu anahitaji nguvu za miguu na kuanza kutoka mikao tofauti, sio mbio ndefu zaidi. Mita 10 nzuri, gharama ya kugeuka kubwa: afundishwe kushusha nyonga na kusimama, mbio za mita 5 za kukata na kutulia, langi za pembeni (hatua ndefu ya upande na kukunja goti), polepole kwanza. Tofauti kati ya mguu wa kulia na kushoto inayojirudia siku mbili tofauti: angalia kama aliwahi kuumia kifundo, wengi wanaficha. Buibui safi lakini gharama ya kusoma kubwa: hapa ngazi ya kamba chini haimsaidii hata kidogo, unaweza kumchezesha ngazi mwaka mzima akawa bingwa wa ngazi, anachohitaji ni mipira asiyojua inaenda wapi, spliti-stepu iliyofungwa na mkono wa mpigaji, na michezo ya kukimbizana. Kila kitu kimeshuka na urefu umepanda sana: usimsukume, punguza miruko, endelea na mbinu na subiri.

MARA NGAPI, NA KUPANGA KUNDI

Mara tatu kwa mwaka inatosha kwa wa miaka 12 kwenda juu, ukuaji ndo upime kila miezi mitatu. Usipime wiki ya mashindano. Wa chini ya miaka 10, wanaocheza na mipira laini kwenye viwanja vya mita 11 na 18, usiwafanyie siku ya vipimo kabisa, wape michezo ya kukimbia na kuokota mipira na uangalie nani anaona haraka, ukitaka namba basi buibui ndogo kwenye uwanja wao wa mita 18 bila kutangaza mshindi.

Watoto wanane na watu wazima wawili panga hivi: wagawe wawili wawili. Mtu mzima wa kwanza anakaa kwenye kuruka na mbio fupi na simu moja, wa pili yuko kwenye mpira mzito na kwenda-na-kugeuka na simu ya pili. Wanapobadilishana ndo wanapata mapumziko yao, kwa hiyo huhitaji kuwalazimisha kukaa. Kabla ya kila jaribio mtoto anaonyesha namba yake kwa vidole kwenye kamera, la sivyo usiku utakuwa na video sitini za miguu usiyojua ni ya nani. Kipimo cha kusoma kinafuata, mmoja mmoja, wengine wakiwa mbali wasione orodha, mmoja wao aokote mipira. Buibui na pembeni kwa pembeni mwisho, tegemea dakika 90 hadi saa mbili. Pumzi iwe siku nyingine, siku mbili baadaye. Fremu hesabu jioni ile ile ukiwa bado unakumbuka nani alijikwaa na nani alivaa viatu vya kaka yake.

Akisema panauma katikati ya kipimo, andika wapi na kipimo gani, msimamishe, na hiyo nafasi kwenye daftari iache wazi, usiijaze na makadirio.